Maji ya Watu, Tope la Thayer

Verla Nebeker aliingia ziwani kinyumenyume, kama anavyolazimika mtu aliyevaa mapezi ya mpira miguuni, na kila hatua aliyorudi nyuma alimlaani Garrison Thayer kwa majina yake yote mawili. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Barafu ilikuwa imeliachia ziwa wiki mbili tu zilizopita, na upande wa kivuli vipande vyake vyeupe bado vilikuwa vikigongana taratibu. Maji yalipomfika kiunoni aliketi kwenye boya lake, mfuko wa upepo uliopinda kama kiatu cha farasi na wenye kiti cha kitambaa katikati, akaacha miguu ining'inie, akapiga mapezi mara mbili. Akaelea. Kuanzia hapo, kwa sheria za jimbo la Wyoming, alikuwa raia mwema.

Sheria yenyewe ndiyo iliyomchefua. Maji ni ya watu wote, lakini ardhi iliyo chini ya maji ni ya mwenye shamba. Elea utakavyo, vua utakavyo, ila ukigusa tope kwa ncha ya unyayo umevamia mali ya mtu. Enzi za mzee Teasdale, mwenye shamba wa zamani, hakuna aliyejali. Mzee alikuwa akiwashukia wavuvi na birika la kahawa. Alipokufa wanawe wakauza, akaja huyu Thayer kutoka huko wanakotoka watu wenye ndege zao, akazungusha waya ziwa zima. Kilimshinda kipande kimoja tu, ukanda wa barabara ya wilaya unaoshuka na kuingia majini, upana wa lori moja. Na sasa alikuwa akiutaka huo nao.

Baraza la wilaya lingeamua Alhamisi. Hoja ya Thayer ilikuwa fupi: majira ya baridi ya mwaka juzi barafu ilikuwa nene kupita kiasi, samaki wote wakakosa hewa wakafa, ziwa ni mfu, na barabara ya kwenda kwenye ziwa mfu haimfai mtu. Uongo mtupu. Verla alikuwa amesimama mbele ya baraza mwezi uliopita akasema kwamba vuli iliyopita aliwaona samaki aina ya trauti wakiruka kwa macho yake mawili. Wajumbe wakacheka. Mvuvi anaapa kuhusu samaki! Shemeji yake Doyle akatoa picha, na wakili wa Thayer akasema kwa upole kwamba samaki hana anwani usoni, picha ile ingeweza kuwa ya ziwa lolote, mwaka wowote. Wakacheka tena.

Kicheko kile kilikuwa hakijamtoka. Kwa miaka thelathini na mmoja Verla aliendesha basi la shule katika wilaya ile, na wajumbe watatu kati ya watano aliwahi kuwafunga kamba za viatu kwa mikono yake. Hajawahi kumwambia mtoto uongo, hata wa kumtuliza. Leo anasimama na mvi zake kusema alichokiona, na watoto walewale wanamcheka kama mlevi wa kilabuni. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu hawakucheka kwa ubaya.

Kwa hiyo alitaka samaki. Mmoja tu, leo, kabla ya Alhamisi. Ofisi ya samaki ya jimbo ilikuwa imeahidi kutuma mtu wa kupima ziwa, lakini mwezi wa saba, wakati huo barabara ingeshakuwa ua wa Thayer. Doyle alikuwa amebeba ndoo kubwa garini ili samaki apelekwe barazani akiwa hai. Verla alijua wakili angesema wamemnunua. Alikuja hivyo hivyo, kwa sababu kukaa nyumbani kungemuua.

"Shemeji, boya lako limelala upande," Doyle alisema akija nyuma yake. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa miaka sabini na minane mwenye pua iliyoungua jua na baridi. "Linavuja au ni uzito wa hasira?"

"Uliliziba wewe."

"Basi haliwezi kuvuja. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Nikizama nitakuja kukuvuta miguu usiku."

Wakatawanyika. Uvuvi wa majira haya kwenye ziwa baridi ni kazi ya kutofanya lolote. Mtu anafunga mshipini chambo bandia, kidudu cha uzi mwekundu, kidogo kama punje ya mchele, anakiteremsha hadi karibu na tope, anaweka kiashiria cha boya dogo juu yake, kisha anakikodolea macho. Kikizama, unavuta. Kisipozama, unaendelea kukodoa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano hakikuzama cha Verla wala cha Doyle.

Saa tano na kitu ikasikika pikipiki ya magurudumu manne ikija kando ya waya. Alikuwa Clell Papworth, msimamizi wa shamba la Thayer, kijana wa miaka thelathini na minne, kofia mpya yenye nembo ya bosi wake kichwani na darubini shingoni. Alizima injini, akaketi, akaelekeza darubini ziwani. Hakuwa akitazama samaki. Alikuwa akitazama miguu.

Kila mtu alijua kazi yake. Thayer alikuwa amechapisha daftari la fomu za uvamizi, kila fomu na nakala zake, moja kwa sherifu na moja kwa karani wa wilaya, ili jalada la baraza lijae ushahidi kwamba wanaoitumia ile barabara ni wahalifu. Tayari zilikuwa zimeingia kumi na tatu. Moja ilikuwa ya mchungaji mstaafu aliyesimama kwa sababu alishikwa na mkakamao wa mguu.

"Ulimpeleka shule miaka mingapi huyo?" Doyle aliuliza alipoelea karibu.

"Kumi na mmoja."

"Ungemsahau njiani siku moja tu, shemeji. Moja tu."

Verla hakucheka. Clell alikuwa mtoto aliyechelewa kila siku, kwao kulikuwa mwisho kabisa wa barabara, na kila siku Verla alimsubiri. Hilo alilikumbuka na likamchemsha. Lakini hakuwa mtu wa kumdai mtu fadhila, akageuzia boya upande mwingine.

Saa sita. Saa saba. Walikula mikate yao ya mayai wakiwa wanaelea, makombo yakidondoka kwenye kitambaa cha wavu kilichotandazwa mapajani, chenye alama za inchi za kupimia samaki. Doyle alisema mvumilivu hula mbivu. Verla alisema angekula hata mbovu. Vidole vya miguu vilishakufa ganzi, na wazo lilianza kumnyemelea, wazo baya kuliko Thayer mwenyewe: labda kweli samaki wamekufa. Labda wale aliowaona vuli walikuwa wa mwisho, na yeye ni kikongwe anayepigania shimo la maji. Alilifukuza. Likarudi.

Saa nane Doyle alikubali yaishe. Baridi ilikuwa imemfika kibofuni, alisema, na hakukuwa na sheria ya Wyoming iliyomsaidia kwa hilo. Akatoka kwenye ukanda wa barabara, akaingia garini, akawasha kipasha joto.

Ndipo upepo ukaja. Ulitoka magharibi kama kawaida yake ya mchana, ukamsukuma Verla mgongoni kuelekea ncha ya mashariki, kwenye matete, ambako kina hakizidi mapaja. Alipiga mapezi kurudi. Magoti yake ya miaka sabini na miwili yalipiga mapezi dakika ishirini na kumpatia labda hatua kumi. Alipopumzika, upepo ulizichukua zote. Ufukweni Clell aliwasha pikipiki, akasogea naye polepole, sambamba, kama fisi anayemfuata mbuzi mgonjwa. Akasimama mbele ya matete. Akatoa daftari.

Hilo daftari. Verla alilitazama, akahisi damu inampanda hadi masikioni. Mtu mzima, mwenye mikono miwili, analipwa kukaa juu ya pikipiki kungoja bibi achoke.

Boya dogo likazama.

Hakuliona likienda, aliona tu kwamba halipo. Akainua fimbo ya kuvulia, nayo ikapinda hadi mpinini. Samaki alikwenda kulia, akaruka mara moja, mwili mzima hewani, ubavu mwekundu, akaanguka kwa kishindo, na hata mwenye darubini hakuhitaji darubini kumwona. Kisha akakata kona kuelekea kwenye matete. Mshipi ulikuwa mwembamba kama unywele. Akiingia mle na kuuzungusha kwenye shina moja tu, basi, umekatika, na Alhamisi imekwenda nao.

Mtu aliyeketi ndani ya boya hana cha kujishikizia. Ukimvuta samaki mkubwa, yeye ndiye anayekuvuta wewe. Verla alikuwa akivutwa matete yale yale, na chini yake, karibu mno, palikuwa na tope la Thayer.

Akateremsha miguu, akasimama.

Alisimama wima, kwa makusudi, miguu yote miwili, boya likiwa limemzunguka kiunoni, na kwa kuwa sasa alikuwa na ardhi ya kusimamia, akaegemea nyuma na kumzuia samaki nje ya matete. Akakataa kumpa hata shubiri. Dakika nne, tano. Hatimaye akamwingiza kwenye wavu mdogo wa mkono, akamlaza juu ya kitambaa chenye alama za inchi, kilichozama nusu majini, mzito, baridi, akitweta.

"Bi Verla," Clell aliita kutoka ufukweni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya. "Umekanyaga."

"Nimekanyaga. Lete daftari lako."

"Unaweza kumwachia samaki sasa hivi. Mimi nitakuwa sijaona kitu."

"Sikukuomba usione. Njoo uandike."

Clell aliingia majini na viatu vyake vya shamba, akasimama hatua mbili kutoka kwake. Akajaza tarehe na jina. Verla alimtazama akiandika, na hapo ndipo alipokumbuka fomu ile ina nini. Mchungaji alikuwa amemwonyesha yake. Katikati palikuwa na mstari mmoja mrefu: eleza mhusika alikuwa akifanya nini.

Clell aliandika neno moja, akamgeuzia fomu atie sahihi. *Anavua.*

"Anavua nini?" Verla aliuliza.

"Bi Verla."

"Kuvua si kosa. Kosa ni kusimama. Nilisimama kwa nini? Andika nilichofanya nami nitatia sahihi. La sivyo mwambie Thayer bibi amekataa, mje mnibebe."

Clell alimtazama samaki. Kisha akatazama nyumba ya Thayer kilimani, vioo vitupu mbele. Alikuwa na mke na mtoto mchanga katika kibanda cha shamba, na kibanda kilikwenda na kazi. Verla alilijua hilo. Neno la zile asubuhi zote za kusubiri lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Hakutaka kweli ya kununua.

"Nakala inakwenda kwa karani," Clell alisema taratibu. "Kesho asubuhi. Bosi mwenyewe ndiye aliyeagiza, kila fomu isomwe barazani, neno kwa neno, iingie kwenye kumbukumbu."

"Najua."

Samaki alipiga mkia. Clell akacheka kidogo, bila furaha.

"Unakumbuka nilivyovunja kioo cha nyuma cha basi? Watoto wote walikuwa kimya. Ukasimamisha gari katikati ya theluji ukasema, aliyefanya aseme alichofanya, kisha akae chini, twende shule."

"Ulisema."

"Nilisema." Akainama, akalaza kidole kwenye alama za inchi. Ng'ambo ya ziwa Doyle alikuwa ameshuka garini, ameona yote, na sasa alikuwa akipunga ndoo.

"Ishirini na mbili!" sauti yake ikaja na upepo. "Mwandikie ishirini na mbili!"

"Kumi na tisa," Verla alisema. "Usiongeze hata ukucha."

Clell akaandika, akisoma kwa sauti kila neno alilofikia, kama mtoto wa darasa la pili: kwamba mhusika alisimama kwenye tope la ziwa ili kumzuia trauti hai, mwenye urefu wa inchi kumi na tisa, aliyevuliwa katika ziwa hili mbele ya macho yangu. Akatia sahihi yake, akaandika cheo chake chini: msimamizi wa shamba la Bwana G. Thayer. Verla naye akatia sahihi, mkono ukiwa umelowa, akapuliza wino ukauke.

Ndoo haikuwa na kazi tena. Alimshusha samaki majini, akamshika mkia mpaka alipopata nguvu, akamwachia. Samaki akazama kwenye giza la matete bila haraka.

"Utafukuzwa," Verla alimwambia Clell.

"Huenda."

"Chumba cha juu nyumbani kwangu kiko wazi. Mlete na mkeo." Alisema hivyo kwa ukali, kwa sababu hasira ilikuwa bado haijaisha na hakuwa na sauti nyingine ya kutumia.

Clell akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa kuwa upepo ulikuwa bado unavuma, kama angependa avutwe na kamba hadi barabarani.

"Nimeshaandikwa?" Verla aliuliza.

"Ndiyo, umeshaandikwa."

"Kosa moja, fomu moja?"

"Fomu moja kwa siku. Ndivyo alivyoagiza."

Verla akakaza mkanda wa boya kiunoni, akaupa mgongo upande alikotaka kwenda, kama mapezi yanavyotaka, na akaanza safari ya kurudi kwa miguu, ufukwe wote wa mashariki na kisha wa kusini, kinyumenyume, akiikanyaga ardhi ya Garrison Thayer hatua kwa hatua, na akihakikisha kila unyayo umezama vizuri.