Mgeni wa Kumi na Nne

"Sitalipiga pasi," alisema Assunta Ruggiero, akalirusha shati la karamu juu ya meza ya kufulia kama mtu anayemrudishia muuzaji samaki aliyeoza.

"Utalipiga," alisema Bibi Eudora Vandeventer. "Wiki iliyopita alikuja na kola iliyojikunja. Leo anakuja Bibi Wynant, na sitamkalisha karibu na mwanamume mwenye kola ya namna hiyo."

"Mume wangu hakuwahi kuvaa kola hizi akiwa hai. Kwa nini azivae sasa?"

"Kwa sababu sasa anakula mezani kwangu."

Hilo lilikuwa kweli. Sante Ruggiero, mwashi, alikufa mwezi wa Juni. Tangu Julai alikuwa akija kila Jumamosi jua likielekea kuzama, anapitia mlango wa bustanini, nywele zimejaa vumbi la chokaa, na kuketi penye kiti kilicho wazi. Mara ya kwanza alipokuja, mgeni mmoja alikuwa ametuma taarifa kwamba anaumwa jino, na mezani walibaki kumi na watatu. Katika pwani yote ya kaskazini ya Long Island hakuna mwenye nyumba anayekalisha mezani watu kumi na watatu, kwani ni idadi ya mkosi. Afadhali bata aungue. Sante akaingia, akaketi, wakawa kumi na wanne, supu ikaletwa. Kuanzia siku hiyo Bibi Vandeventer alialika watu kumi na mmoja bila wasiwasi, kisha akawaongezea yeye, mumewe na marehemu.

Walimpa koti la zamani la Bwana Vandeventer. Wageni waliambiwa kuwa ni mtu wa ukoo mkubwa kutoka Italia, amechoka na safari. Walimpenda, kwa sababu ndiye mwanamume pekee mezani ambaye hakuzungumzia bei za hisa.

"Nipeni karatasi yake," alisema Assunta, "nami nitalipiga pasi hata mara kumi."

"Usianze tena na karatasi."

"Sijawahi kuacha."

Karatasi ilihusu mnara, na mnara ulihusu babu wa Bwana Lowell Vandeventer. Bwana huyu alitajirika kwa vifuniko vya chupa, na tangu serikali ilipopiga marufuku pombe alikuwa akiuza vifuniko mara mbili zaidi. Alijenga nyumba ya vyumba arobaini. Kisha akaenda mnadani akanunua mababu kumi na mmoja, wote wamechorwa kwa rangi za mafuta, akawatundika kwenye ngazi. Kilichopungua kilikuwa ni kitu walichokijenga mababu hao. Ndipo akaagiza mnara juu ya kilima nyuma ya nyumba, ujengwe ukiwa tayari umebomoka.

Kazi hiyo haikumshinda Sante. Aliujenga umenyooka, akauvunja kona ya juu kwa nyundo, na kila alipomaliza safu alipaka mawe maziwa yaliyoganda yaliyochanganywa na mavi ya farasi, ili kuvumwani, ule utando wa kijani wa mawe ya kale, uote haraka. Uliota. Kufikia Juni mnara ulikuwa na umri wa miaka mia tatu.

Sasa, mtu hawezi kufa akijenga mnara uliojengwa miaka mia tatu iliyopita. Daktari wa kijiji aliliona hilo mara tu alipoelezwa, akaandika kwenye cheti kwamba Sante Ruggiero alikutwa barabarani, amelewa. Sante alikuwa akinywa glasi moja, tena kwa mkate. Lakini chama cha waashi Waitalia kilikuwa na kanuni yake: anayekufa kazini anasindikizwa na bendi na bendera hadi kaburini, vyombo vya ujenzi vimewekwa juu ya jeneza; anayekufa barabarani kwa ulevi anapelekwa na mkokoteni. Sante alipelekwa na mkokoteni.

"Ndiyo maana hatulii," alisema Assunta. "Mwashi asiyepigiwa bendi ataenda wapi?"

Bwana Vandeventer aliingia akiwa anafunga vifungo vya mikono. Alikuwa mtu mpole. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, maana hakuwahi kuhitaji.

"Bwana," alisema Assunta, "mstari mmoja. 'Alianguka kutoka mnarani akiwa kazini.' Na sahihi yako. Chama kitampigia bendi hata leo."

"Ningependa sana, Assunta. Lakini nikiandika hivyo, babu yangu atakuwa amejenga nini?"

"Babu yako alikuwa akiuza vitunguu Newark. Mpishi kaniambia."

"Kwa jumla," alisema Bwana Vandeventer. "Si vya rejareja."

"Lowell," alisema mkewe, "Bibi Wynant."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Bibi Hester Wynant alikuwa na miaka themanini, na ukoo wake ulikuwa wa zamani kiasi kwamba hakulazimika kumtembelea mtu yeyote. Akiupenda mnara, majina ya Vandeventer yangeingia kwenye orodha ya dansi yake ya majira ya baridi. Asipoupenda, wangebaki watu wa vifuniko.

"Kesho," Bwana Vandeventer alimwambia Assunta. "Kesho tutazungumza."

"Unasema kesho tangu Julai."

Shati lilipigwa pasi na Bi. Tierney, msimamizi wa watumishi, ambaye hakuwa na marehemu katika nyumba ile.

Sante alifika kwa wakati wake. Alivalishwa ukumbini, akakalishwa kulia kwa Bibi Wynant. Chokaa ilimdondoka juu ya kitambaa cha meza, na Bi. Tierney akaifagia kwa kile kibrashi cha makombo ya mkate. Dirisha lilitazama kilimani. Bibi Wynant alikunywa supu yake huku akiuangalia mnara, kisha akaweka kijiko chini.

"Wa lini ule?"

"Miaka mia tatu, Bibi," alisema Bwana Vandeventer. "Ni wa babu zetu."

"Niliuanza Machi," alisema Sante. "Nikaanguka Juni, tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi."

Wageni wakacheka. Mmoja alisema Waitalia wana utani mkavu. Bibi Wynant hakucheka. Bibi Vandeventer aliacha kupumua kwa muda ambao haufai mezani.

"Ulipaka maziwa gani?" aliuliza Bibi Wynant.

"Yaliyoganda. Na mavi ya farasi."

"Baba yangu alipaka mtindi na asali kwenye mnara wetu. Utando uliota upande mmoja tu, na nyuki walitusumbua miaka miwili. Wako umeshika vizuri. Unaweza kuja kwangu Jumanne?"

"Nimekufa, mama."

"Nimeona. Nauliza kuhusu Jumanne."

Meza nzima ikachangamka. Mgeni mmoja akakiri kwamba kanisa dogo la kale lililo bustanini kwake lilifika kwa treni. Mwingine akasema naye aliwanunua mababu zake mnadani, pengine ni ndugu na wa hapa. Wakacheka sana. Uso wa Bwana Vandeventer ukalegea kama wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

Assunta alikuwa amesimama mlangoni na rundo la vitambaa vya meza vyenye joto la pasi. Alikuwa amesikia kila neno. Akaingia.

"Bwana, wote wanajua," alisema. "Hakuna wa kumficha tena. Andika."

"Lakini ndiyo hivyo, Assunta," alisema Bwana Vandeventer kwa upole. "Kama wote wanajua, karatasi ya nini?"

"Mambo haya sisi tunayajua tu," alisema Bibi Wynant. "Hatuyaandiki."

Assunta akawatazama mmoja mmoja, wote kumi na watatu waliokuwa hai. Akaweka vitambaa juu ya sinia la samaki lililokuwa mezani. Akatoka, akaenda chumba cha kufulia, akachukua ndoo ya maji ya magadi ya kung'arishia mashuka, na brashi mbili ngumu, akapanda kilima.

Sante alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akawaomba radhi, akatoka.

"Kumi na watatu," alisema mtu.

"Bi. Tierney," alisema Bibi Vandeventer, "vua aproni ukae." Bi. Tierney alivua akakaa, na wageni wakaambiwa kuwa ni mtu wa ukoo mkubwa kutoka Ireland. Kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuwahudumia, alijipakulia kwanza.

Kilimani mwanga ulikuwa bado upo. Assunta alisugua kwa nguvu za mtu aliyefua mashuka ya watu miaka tisa. Utando ulitoka vipande vipande, na chini yake mawe yalikuwa meupe, makali pembeni.

"Hutanikasirikia?" alimwuliza mumewe. "Ni kazi yako."

"Hayo ni maziwa," alisema Sante. "Kazi yangu iko chini yake."

Kule dirishani Bibi Wynant alikuwa ameinuka na miwani yake. "Mweupe," alisema. "Unapendeza zaidi. Wa kwangu nao nitausugua." Bwana Vandeventer akatoa kalamu, akaandika neno "mweupe" kwenye kadi ya chakula. Cheti cha daktari hakikuguswa; Sante aliendelea kuwa amefia barabarani, amelewa.

Sante alizunguka nyuma ya mnara, akaitoa vichakani ngazi yake ya kazi, akaiegemeza pale pale alipoanguka. Akachukua brashi ya pili, akaanza kupanda. Assunta akaweka ndoo chini, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.