Chaki ya Fundi, Nyayo za Tandu

"Uchafu ndio huleta tandu!" wifi yake fundi cherehani alifoka, mkono kiunoni, mbele ya baba mkubwa wa ukoo aliyeitwa kuja kuamua. "Chumba kimejaa vitambaa hadi mlangoni. Ahame, aniachie watoto wa kaka yangu niwalee mwenyewe."

Fundi alipandwa na hasira. Tangu afiwe na mume alivumilia mengi: kusukumiwa chumba cha nyuma, kunyimwa ufunguo wa geti. Lakini watoto? Thubutu!

Wifi alifunua kopo lake la ushahidi. Ndani mlikuwa na mdudu mweusi aliyejikunja.

"Huyo jongoo, wifi," fundi akasema. "Ni mviringo, mpole, kila pingili ina miguu jozi mbili. Hana neno na mtu. Tandu ni bapa, ana mbio, kila pingili jozi moja, na akikuuma utamkumbuka."

"Kwa hiyo kwako hawapo?"

"Wapo. Sikatai. Nimejiuliza tu wanatoka wapi."

Akawaingiza chumbani, akavuta mkeka. Jioni ya jana alikuwa amesaga chaki ya kuchoria nguo na kuinyunyiza chini ya ukuta mzima. Juu ya unga ule mweupe vijistari vya nyayo vilipita wazi, vyote vikitoka kwenye ufa mmoja pembeni.

"Tandu anapenda unyevu, tena anawinda mende. Baba mkubwa, ng'ambo ya ufa huu kuna nini?"

Mzee alikohoa. Kulikuwa na bafu la wifi.

Fundi hakungoja ruhusa. Alitangulia bafuni na rula yake ya mbao, akainua matambara yaliyooza chini ya bomba linalovuja. Mende walitawanyika, na nyuma yao tandu wawili wekundu, mbio! Baba mkubwa, na uzito wake wote, alijikuta juu ya stuli. Wifi alikwishafika uani akipiga mayowe.

"Nyani haoni kundule," mzee akanong'ona. "Bomba litengenezwe leo."

"Lakini watoto..." wifi alianza, kwa mbali.

"Watoto wanalala na mama yao," mzee akakata shauri. "Wewe ukiogopa huku, njoo kwangu, mkeka upo."

Kisha fundi akanyoosha kiganja kilichojaa chaki.

"Na ufunguo wa geti, wifi. Nautaka sasa hivi."

Hakukishusha mpaka ufunguo ulipotua juu yake.