Brashi ya Zawadi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, anaoka mikate jikoni kwake. Hospitali ilikubali kununua trei kumi kila siku kwa sharti moja: cheti cha halali kabla ya Ijumaa. Maombi hupokelewa kwa programu ya simu tu. Mimi nimesoma shule ya usiku nikiwa na watoto watatu mgongoni, na mambo ya simu nimejifunza mwenyewe. Nikawaambia waniachie.

Siku mbili nilipiga picha: unga, hamira, siagi, kila pakiti mbele na nyuma. Programu ilipodai vyombo, nikapiga na vyombo. Brashi ya kupakia yai juu ya mikate, niliyomzawadia shemeji alipoanza biashara, niliilaza peke yake kwenye kitambaa cheupe, ipendeze.

Alhamisi asubuhi mkaguzi wa vyeti vya halali akapiga simu ya video. Alizisifu picha zangu, kisha akauliza brashi ile ni ya manyoya gani. Nikamjibu ni brashi ya hali ya juu, si plastiki. Akasema hapo ndipo penye wasiwasi. Akataka nisome maandishi ya kwenye mpini. Miaka mitatu nilikuwa nimeisifu bila kuisoma. Nikavaa miwani, nikasoma kimoyomoyo.

"Imeandikwaje, mzee?"

Ningeweza kusema maandishi yamefutika. Shemeji alikuwa ananitazama.

"Nguruwe," nikasema.

Mke wangu akakaa chini. Shemeji akakumbusha kwamba hakuna aliyeila mikate ile kunishinda, na kila nikila nasema utamu wote uko kwenye ule mng'ao wa juu.

Mkaguzi hakucheka, ingawa simu yake ilitikisika. Akasema maombi hayajakataliwa: brashi itupwe, na kila chombo kilichoguswa kioshwe mara saba, moja kwa maji ya udongo, yeye akitazama. Nikalegeza tai, nikakunja mikono ya shati. Trei kumi na nne. Mke wangu alishika simu, shemeji akavuta kiti ahesabu.

"Hiyo ya tano sikuiona vizuri, shemeji. Rudia."

"Umeiona."

"Mkaguzi, wewe uliiona?"

Mkaguzi naye akasema hakuiona vizuri.

Cheti kiliingia saa kumi jioni. Shemeji alikisoma mara mbili, akanishika mkono pamoja na tope lake.

"Jirani anayeuza soseji naye anakitaka," akasema. "Nimemwambia wewe unajaza fomu, na vyombo unaosha mwenyewe."