Vichupa Viwili

Chuoni walimpa jina la Kasuku, naye hakulikataa. Alimeza kanuni za dozi kama mtu anayekunywa maji, na siku ya mtihani akazitapika zote bila kuacha nukta. Akashika namba moja. Alipoanza uuguzi katika wodi ya watoto sifa zilikuwa zimemtangulia: wenzake wakikwama kwenye hesabu za dawa humwita, naye huwatajia kanuni kwa mahadhi yale yale aliyoyaimba bwenini akijisomea.

Asubuhi moja msichana wa miaka sita, wa kitanda cha nne, alishikwa na degedege. Daktari akaandika miligramu mia mbili na hamsini. Kichupa kimoja cha dawa kilikuwa na miligramu mia tano ndani ya mililita tano. Mama wa mtoto analia, simu ya mezani nayo inalia, na kanuni ikamjia Kasuku mbio mbio: kilichopo, gawanya kwa kinachotakiwa, zidisha kwa ujazo. Mililita kumi.

Kila sindano ilipaswa kukaguliwa na wauguzi wawili. Mwenzake wa zamu akasogea.

"Kanuni?"

Kasuku akaiimba.

"Wewe tena! Nani akukosoe?" mwenzake akacheka, akatia sahihi.

Wakavunja kichupa cha pili.

Degedege lilitulia, mama akashusha pumzi. Lakini haikupita muda kifua cha mtoto kikaanza kupanda kivivu, kama kimechoka kazi, na midomo ikageuka rangi. Kasuku akapiga kelele. Mkuu wa wodi, mama wa makamo ambaye watu wote walimwita Bibi Mkubwa, alifika akiwa na mpira wa kupumulia mkononi, akauminya, akauminya, hadi wakamkimbiza mtoto kwenye mashine ya kupumulia.

Aliporudi aliviona vile vichupa viwili vitupu kwenye trei. Akamvuta Kasuku stoo, akafunga mlango.

"Kichupa kimoja kina mia tano. Mtoto anatakiwa apewe mia mbili na hamsini. Usishike kalamu. Utavunja vingapi?"

Kasuku alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Kilichopo, gawanya kwa..."

"Sikukuuliza wimbo, mwanangu. Nimekuuliza vichupa."

Akakitazama kichupa. Mia tano. Mia mbili na hamsini. Nusu! Hata kimoja kisingeisha. Akaketi juu ya katoni la pamba. Jambo ambalo mtoto wa shule angeliona kwa kugawa embe, yeye na cheti chake hakuliona.

"Hukuliona, au hukutazama?"

"Sikujua kwamba kuna cha kutazama, Bibi."

Bibi Mkubwa akajiuliza moyoni. Alikuwa amempongeza mara ngapi, mbele za watu, kwa wepesi wake?

Siku ya tatu mtoto alifumbua macho, akaulizia viatu vyake. Wodi nzima ilishangilia isipokuwa Kasuku. Bibi Mkubwa alijitolea kwenda kumweleza mama mtu, Kasuku akasema, "Hapana, twende wote, lakini niseme mimi." Akasema, amesimama.

"Yaani ulizidisha?" mama akauliza.

"Mara nne, mama. Niligeuza hesabu."

"Na yule mwenzako aliyekagua?"

"Aliniamini."

Mama akageuza kiti, akampa mgongo, akaendelea kumpapasa mwanawe nywele. Kasuku alingoja tusi, hata kofi. Havikuja, na hilo lilimuuma kuliko vyote.

Kasuku na mwenzake waliondolewa wote wawili kwenye kazi ya kutoa dawa kwa miezi miwili. Mchana, wagonjwa wakipumzika, Bibi Mkubwa alimkalisha Kasuku na jagi la maji na mabomba matupu ya sindano. "Kadiria kwanza. Zaidi ya kichupa kimoja, au pungufu? Kalamu baadaye." Alikosea, akapatia, akakosea. Kanuni ile ya kwanza aliielewa kwa siku moja tu. Akaona aibu jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Kilichomnyima raha ni zile kanuni nyingine. Alizifuata moja moja, za dripu, za uzito, za umri, akijiuliza kwa nini kila moja iko hivyo. Kati ya ishirini na mbili, saba tu aliweza kuzieleza. Zilizobaki alikuwa amezitumia mwaka mzima, kwa watoto ambao majina yao hakuyakumbuka.