Rambirambi za Halim Muuza Kaak

Bi Wadad alikuwa na ndege ya saa kumi na mbili alfajiri, anahamia kwa mwanawe Montreal moja kwa moja. Usiku wake wa mwisho Beirut hakutaka karamu ya kuagana wala majirani wa kumlilia. Alitaka klabu.

"Nizar anapiga leo," aliniambia, kasimama mlangoni pangu na koti jeusi na mkoba. "Vaa viatu."

"Bi Wadad, mimi nina miaka sabini na moja."

"Kwani nimekwambia ucheze? Nimesema vaa viatu."

Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha juu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimelala bandari nyingi. Hii ndiyo iliyoninasa. Na Nizar, dijei wa muziki wa haus anayeandamwa na vijana wa mji mzima, alikulia jengo la pili kutoka letu. Utotoni alining'iniza kinasa sauti dirishani akamnasa Halim, mume wa Bi Wadad, akipita na baiskeli kuuza kaak, ile mikate ya ufuta yenye umbo la mkoba. Ukelele ule, "Kaaaak! Kaak motoo!", ukaja kukaa ndani ya wimbo ambao Nizar hufungia kazi kila anapopiga. Hajautoa popote, wala hampi mtu. Ukiutaka, nenda ukamsikilize.

Halim alikufa mwaka wa korona. Alizikwa na watu wanne wenye barakoa, bila mkono wa pole hata mmoja. Sauti yake haikubaki mahali pengine, si kwenye simu, si kwenye kanda. Bi Wadad alitaka kuisikia mara moja kabla ya kupanda ndege. Basi.

Mimi na Halim tulikuwa hatusemezani. Ni habari ya tangi la maji la darini. Miaka saba. Tuiache hapo.

Mlangoni tulimkuta baunsa, Dirgham, kijana mwenye kifua kama kabati.

"Ami, hapa mwanamume bila mwanamke haingii."

"Yuko na mimi," akasema Bi Wadad.

Dirgham akamtazama kuanzia mvi hadi viatu. "Teta," akasema, kama wanavyoita bibi huku, "mna meza? Kwa jina gani?"

"Wewe si mtoto wa Samira wa ghorofa ya pili?"

"Hapana, teta."

"Nilijua. Yule ana adabu. Sogea."

Akasogea.

Ndani lilikuwa ghala la zamani la fanicha, watu kama mia nne, wote wamevaa nyeusi tupu kama kawaida yao. Besi ilinigonga kifuani kama askari anayetaka kuvunja mlango. Bi Wadad alijipatia kiti, akaweka mkoba mapajani, akangoja kama mtu aliyefika kwa daktari.

Saa saba na nusu Nizar alitazama simu yake, akavua hedifoni. Muziki ukazimika. Habari zikatupitia kwa minong'ono: mjomba wake, Adib, kaka wa mama yake, amefariki huko Zahle. Miaka tisini na sita.

Sasa, Beirut humpiti mfiwa bila kumpa mkono. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa umelewa. Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono juu ya mashine: "Mungu amrehemu. Akufidie kwa uzima wako." Nyuma yake akasimama mchumba wake. Nyuma ya mchumba, marafiki zao. Nizar ikambidi ashuke asimame kwa heshima, na binamu yake, aliyekuwa baa tangu magharibi, akasimamishwa kando yake kama ukoo, akiegemea spika.

Ghattas, mwenye klabu, akaagiza kahawa chungu ya msibani, isiyo na sukari. Iligawiwa kwenye vigilasi vya pombe. Mashine ya moshi hakuna aliyejua inavyozimwa, kwa hiyo wenye pole walitokea mmoja mmoja kutoka kwenye wingu, na taa za kijani zikiwazunguka.

"Alikuwa mtu mwema," kijana mmoja mbele yetu alisema.

"Ulimjua?" nikamuuliza.

"Simjui. Lakini inaonekana."

Mwingine mguu ukamponyoka, ukapiga sakafu mara mbili. Akachapwa kofi la kisogo. "Huna haya? Maiti hajazikwa, wewe unacheza!"

Ghattas akanyata hadi kwa Nizar. "Habibi, labda mmoja tu? Wa polepole?"

Mia nne wakamgeukia. Akarudi zake kwenye kahawa.

Saa tisa na nusu. Teksi yetu ilikuwa ya saa kumi, na mbele yetu kulikuwa na watu thelathini.

"Pita mbele umwombe," nikamwambia.

"Nimwombe mfiwa muziki? Unanijua mimi?"

Zamu yetu ilipofika, Nizar aliinama kumbusu mkono.

"Mungu amrehemu mjomba wako," akasema Bi Wadad. Mkono hakuuachia. "Nizar. Halim wangu hakupewa pole na mtu. Hata wewe hukuja."

"Ilikuwa marufuku, teta."

"Najua. Leo si marufuku. Mimi hapa, na Halim yumo kwenye mashine yako. Sikuombi muziki, mwanangu. Nataka msiba wangu."

Nizar akafuta uso kwa shati. Akapanda. Hakuna aliyenung'unika, maana nani atamzuilia mwenzake msiba?

Mdundo ukaingia. Halafu, kutoka spika zote, ukelele mkubwa kuliko jengo: "Kaaaak! Kaak motoo!"

Watu mia nne walisimama wima, mkono kifuani, vichwa chini. Hakuna aliyecheza. Magoti tu ndiyo yalikuwa yanatikisika, yote kwa pamoja.

Bi Wadad alifumba macho. Kisha akaipigia spika kelele: "Punguza sauti, Halim! Watu wamelala!" Ndivyo alivyomfokea kila asubuhi miaka arobaini. Akacheka, na machozi yakamfika kidevuni.

Mstari ukageuka. Sasa ulikuwa unakuja kwake. Alipokea mikono kumi, kumi na mbili, na nje teksi ikaanza kupiga honi.

"Nenda," nikamwambia.

"Mfiwa haachi mstari." Akanitazama. "Simama hapa."

"Mimi? Kama nani?"

"Ndugu wa marehemu."

"Bi Wadad, lile tangi..."

"Tangi limetoboka zamani. Simama!"

Akanibusu paji la uso, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, akaondoka na Dirgham akimbebea mkoba.

Nikasimama. Nizar hakuthubutu kuukata wimbo, akauzungusha na kuuzungusha, Halim akiuza mikate juu ya vichwa vyetu.

"Alikuwa mtu mwema," wakaniambia.

"Alikuwa mkaidi," niliwajibu wa kwanza. Kufika mkono wa mia hivi nikawa nasema, "Ndiyo. Ndiyo, alikuwa mwema."

Wa mwisho alikuwa Dirgham, amerudi kutoka kwenye teksi, akinitazama usoni kwa makini.

"Pole, ami. Kweli mmefanana."

"Alikuwa mkubwa wangu," nikasema. "Kwa mwaka mmoja."