Mwenyekiti na Mkeka wa Walburga

Mke wangu Walburga alizikwa bila padri. Mwenyekiti wetu wa jumuiya ya sala mtaani, Bartolomeo, ndiye aliyepeleka neno parokiani kwamba marehemu hakuwa anasali jumuiya. Ni kweli alikuwa haji. Angekujaje, na miguu imevimba kama magogo? Bartolomeo alijua. Kila Alhamisi, akienda jumuiya, alipita mlangoni kwetu na kiti chake cha plastiki, akamwona amelala mkekani.

Sikusoma sana, ila wakubwa nimewajua. Kukosea wanaweza, kusema wamekosea ndiyo kazi ngumu.

Kwaresima hii zamu ya kupokea jumuiya nyumbani ikafika kwangu. Nikatandika mkeka uleule. Nilitaka kitu kimoja tu: watu waliosikia Walburga hakuwa Mkristo wa kweli, wasikie kuwa ni uongo, na wausikie kutoka mdomo uleule.

Baada ya Injili Bartolomeo akasimama, shati limenyooka kwa pasi.

"Ndugu zangu, kama kuna mtu nilimkwaza, anisamehe."

Wakaitikia amina. Mimi nikauliza, "Mwenyekiti, huyo mtu anaitwa nani?"

"Baba Ida, tusifukue yaliyopita. Sisi Wakristo."

"Kanisani unapiga kifua kama ngoma ya lizombe. Hapa jina la marehemu linakushinda?"

Mama Emerensiana, jirani yangu, akachekea puani. "Sema basi, mwenyekiti. Nimeacha maharage jikoni."

"Kulikuwa na taratibu..."

"Taratibu haziendi kuungama," nikamwambia. "Ukiniomba kwa 'kama', nami nakusamehe kwa 'kama'."

Akatazama mlango. Hakuna aliyempisha. Akaketi chini, pembeni mwa mkeka, jasho linamtoka.

"Nilijua Mama Ida anaumwa," akasema. "Nilimwambia padri hasali kwa uvivu. Nilitaka awe mfano, wengine waogope. Nilimkosea Walburga. Nisamehe."

Sauti kama ya kuku aliyenyeshewa. Mtu mzima huyo, kiongozi wa watu.

Nikampa mkono, ndivyo tulivyofundishwa. Kisha nikaufuta kwenye suruali yangu, naye anaona.

"Nimekusamehe. Sasa kamwambie padri hivyohivyo."

Jumamosi padri akaja makaburini Bombambili, akabariki kaburi la mke wangu. Bartolomeo alisimama nyuma kabisa, mikono chini. Siku hiyo kifua hakukigusa.