Honda Iliyokatwa Shingo

Nasma alianza kuinusa ile Honda kabla hata haijashushwa kwenye Fuso. Kitu kilikuwa kimechacha. Akanusa magunia ya maharage yaliyokuja nayo kutoka Kibondo, akanusa turubai, akamnusa na utingo kidogo bila yeye kujua. Wote wazima. Pikipiki ndiyo ilikuwa inanuka.

"Shemeji, hii harufu ya nini?"

"Ya historia," alisema Haidari. "Chombo cha mwaka sabini na nane hicho. Wewe hata hujazaliwa."

Haidari ni mdogo wake Khatibu, mume wa Nasma, na pale Kibondo anauza kila kitu: leo vitenge, kesho sola, keshokutwa mbuzi ambaye mwenyewe bado anamtafuta. Maneno yake yana sukari mpaka unaogopa nzi. Alikuwa ameileta Honda Kasulu kwa sababu Nasma ndiye fundi wa kuchomelea na kupiga rangi katika ukoo, na fundi wa ukoo hana pa kukimbilia.

"Nataka rangi tu," alisema. "Nyekundu. Tangi na fremu. Kwingine usiguse, injini inanguruma kama simba wa pori la Moyowosi."

"Sasa mbona umeipakia kwenye Fuso? Si ungekuja unaiendesha."

"Mgongo, shemeji."

Mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Ni Ghati, nesi kutoka Tarime aliyehamishiwa huku, anaishi Heru Juu na mwanawe mdogo anayesoma mjini. Marehemu baba yake alikuwa na Honda ya namna hiyohiyo. Haidari alimtumia picha kwenye simu, na mwanamke wa watu akasema atampakia mtoto kila asubuhi kama yeye alivyopakiwa na baba yake. Ijumaa angekuja kuichukua.

Haidari alipoondoka, Nasma akafungua tangi akaliweka pembeni, akashika msasa, akaanza kukwangua rangi ya zamani. Chini ya tangi, karibu na shingo ambako usukani unashikilia, msasa ukaanza kutoa unga mweupe. Akadhani ni pati, ile ya kuzibia mabonde ya magari. Akasogeza pua. Pati hainuki hivyo. Akachomeka bisibisi, na bisibisi ikazama kama imeingia kwenye ndizi mbivu.

Alipoichomoa, ilitoka na uji mzito wa kijivu, umeota ukungu wa kijani, unavutika kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Ndani ya uji kulikuwa na funza wanene, wametulia, watu wenye kwao. Mmoja alimdondokea Nasma kwenye kifundo cha mkono, akaanza safari ya kupanda kuelekea kwenye kiwiko.

Nasma alitema mate. Akatema tena. Akafuta mkono kwenye suruali, halafu akaichukia suruali.

Ilikuwa ugali. Ugali wa muhogo, jamani, ule wa kuliwa. Fremu ilikuwa imekatwa kwa msumeno, bomba la juu na la chini, pikipiki imegawanywa kama mkate. Ndani ya mabomba wameingiza kijiti cha mkaratusi, wakashindilia ugali mpaka ukajaa, wakazungushia kitambaa, wakapaka rangi juu. Tangi ndilo lilikuwa linafunika aibu. Mtu akiteremka na hiyo pikipiki, akaingia shimo moja, gurudumu la mbele lingekwenda zake na yeye angebaki ameshikilia usukani tu.

Mchana Mama Esteri, anayepika chakula kwenye kibanda cha jirani, alimletea sahani ya ugali na dagaa. Nasma aliutazama ule ugali, ugali ukamtazama. Akaomba chai ya rangi.

Akampigia Haidari simu. Haidari alicheka mpaka akakohoa.

"Ah, umefika huko? Sikiliza. Ilikuwa upande wa pili wa mpaka. Ndayisaba wa Mabamba ndiye aliyeikata, ikapita mpakani kwenye baiskeli mbili kama chuma chakavu. Ukisema pikipiki wanataka makaratasi. Ukisema chakavu, unaambiwa pita kaka."

"Na ugali?"

"Ubunifu wa Ndayisaba huo. Ugali wa muhogo ukikauka ni saruji."

"Na mvua ikinyesha?"

"Si ndiyo maana nataka rangi, shemeji."

"Atampakia mtoto, Haidari."

"Heru Juu si mbali. Halafu tuongee kama ndugu. Yule wa kuja tu, mwakani atahamishwa, mimi na wewe tutabaki. Sasa utamuuza damu yako kwa ajili ya mgeni?"

Nasma alikata simu. Wale funza angalau walikuwa wanakula chao.

Angeweza kuikataa kazi. Lakini alimjua shemeji yake: angeipeleka kwa fundi mwingine wa rangi, na jioni ingekuwa inang'aa. Kwa hiyo akaamua kuitengeneza, kwa ajili ya Ghati, na bila kumwambia Haidari neno. Alikwangua ugali wote, akasugua mabomba kwa waya, akamwagia petroli. Akafunga magurudumu, akavuta uzi kutoka la nyuma mpaka la mbele kuona kama yamenyooka, akalaani, akanyoosha, akavuta tena. Akaingiza bomba nene dogo ndani ya kila bomba lililokatwa, akatoboa matundu pembeni, akachomelea kwenye matundu na kuzunguka mkato wote.

Moto ulipofika kwenye mabaki yaliyojificha, ugali wa Ndayisaba ukapikwa mara ya pili. Harufu yake ilikuwa kama soksi za maiti. Mama Esteri alibeba jiko lake na sufuria akahamia ng'ambo ya barabara, bila kusema kitu, khanga puani. Nasma alichomelea huku machozi yanamtoka. Baadaye akasaga kwa grenda mpaka pakawa laini, akapiga rangi nyekundu. Hata yeye asingeweza kukuambia mkato ulikuwa wapi.

Ijumaa Haidari alikuja amevaa kanzu na manukato. Akapita mkono kwenye tangi. "Umeua, shemeji." Akanong'ona, "Umepaka hivyohivyo?"

"Ulitaka rangi, nimepiga rangi."

Ghati alifika na kofia ngumu mbili kwapani, moja ndogo ya mtoto. Akapapasa kiti cha nyuma cha Honda. Nasma akakohoa.

"Shemeji, mpakie dada Ghati mpaka Heru Juu, mteremko ule, aone breki."

"Mgongo wangu unaujua."

"Basi zunguka nayo hapa sokoni tu."

"Goti nalo. Tena leo Ijumaa, nijiandae na swala."

"Saa tatu asubuhi hii?" aliuliza Ghati. Kazi yake ni kuwabonyeza watu wanaoficha panapouma, na alishaona macho ya Haidari yanakimbilia palepale, chini ya tangi. Akaweka kidole. "Hapa pana nini?"

"Muulize fundi."

"Bidhaa ni yako, shemeji," alisema Nasma. "Mwambie wewe."

Haidari alilamba midomo. Akamtazama Nasma kama mtu aliyeibiwa.

"Mtoto wangu ndiye anakaa hapa nyuma," alisema Ghati taratibu. "Fundi, hapa palikuwa na nini?"

"Ugali, dada. Fremu ilikatwa, ikazibwa kwa ugali. Sasa pana chuma. Nimechomelea mwenyewe."

Uso wa Haidari ulifunguka kama mlango wa duka. "Umechomelea? Si unaona, dada Ghati? Imara kabisa." Akakunja kanzu, akarusha mguu, akakaa, akaipiga teke Honda ikawaka. "Panda twende."

"Mgongo umepona?"

"Alhamdulillahi."

Ghati aliirudisha kwapani ile kofia ndogo. "Pikipiki ningeichukua," alisema. "Wewe ndiye unanichefua. Kila nikimpandisha mwanangu ningekuona." Akamshika Nasma bega, akaita bodaboda, akaondoka.

"Umenifukuzia mteja," alisema Haidari, lakini hakuwa na hasira nyingi. Alishatoa simu, anapiga Honda picha. "Haya, nitapata mwingine. Msalimie kaka."

Akaondoka akiiendesha mwenyewe kuelekea barabara ya Kibondo, kanzu inapepea, anapiga mluzi. Penye shimo kubwa la kona hakupunguza hata mwendo. Honda iliruka, ikatua, ikanyooka. Nasma alisimama anatazama kazi yake nzuri inavyombeba, akatema mate chini.